Askari wa bure, nani atamulipa?



Wiki hii hatutaanza na mshahara. Tutaanza na ubao wa sataranji, ule mchezo ambao wengi wetu tunauita tu échecs. Mshahara utakuja nyuma, muwe na uvumilivu kidogo.

Nyuma ya ofisi yetu ya sendika, chini ya muembe, kuko meza mbili na mbao ine za kuchezea. Wale wa kazi ya usiku wanapita pale asubuhi mbele ya kwenda kulala. Wale wa mchana wanafika mangaribi, viatu vingali na udongo. Tuliweka zile meza sisi wenyewe, kwa sababu tulichoka kuona mwenzetu anashuka kwenye bus na kuingia moja kwa moja kwenye kabare. Mwanzoni kila kitu kilikuwa muzuri. Leo kuko ugomvi, na ugomvi wenyewe uko juu ya gambiti.

Kwa wale wasiojua: gambiti ni pale unamutolea mwenzako kipande, mara nyingi askari mumoja, tena mwanzoni kabisa wa mchezo. Humutolei kwa huruma. Unataka upate kitu kingine mahali pake: wakati wa kutoa vipande vyako mbele yake, ao njia wazi ya kupita, ao mfalme wake abaki katikati bila nyumba. Ni biashara. Unalipa leo ili uvune kesho, na kama mvua haikunya, umepoteza mbegu.

Vijana wetu wanazipenda sana. Bazee wa meza ya kwanza hawazitaki hata kidogo. Wanasema ni mchezo wa wezi, na wanaomba comité ikataze gambiti kwenye mashindano ya siku ya Mungu. Vijana wanajibu: «Bazee beko naogopa tu. Mwenye alishinda njo mwenye alishinda.»

Tumesikiliza pande zote mbili, na tunaona zote mbili zimekosa. Kosa haliko kwenye gambiti. Kosa liko kwenye dakika tano zinazofuata mchezo, pale tunafuta ubao na kupanga vipande upya bila kuuliza nini ilitokea. Acha tuonyeshe kwa mfano.

Majuma mawili yaliyopita, kijana mumoja wa équipe ya usiku alicheza na dereva wa camion, mutu wa miaka makumi tano, aliyetoka kufanya saa kumi na mbili kwenye barabara ya carrière. Waliweka franga mezani. Tunaandika mchezo namna ya Kifaransa, sawa vile vitabu vyetu vinafanya: R ni mfalme, D ni malkia, T ni munara, C ni farasi, na F ni fou, ule ambaye sisi kwetu tunamuita kichaa. Askari hana herufi. Dereva ndiye alikuwa na vipande vyeupe.

1. e4 e5 2. Cf3 Cc6 3. Fc4 Cd4

Simameni hapa. Mpaka mwendo wa tatu wa mweupe, kila kitu ni cha kawaida, hata mutoto angecheza vile. Kisha kijana akarusha farasi wake katikati, na akaacha askari wake wa e5 bila mulinzi. Askari wa bure! Dereva aliangalia, akaangalia tena, akakula.

4. Cxe5 Dg5

Sasa malkia mweusi anatisha farasi wa e5 na askari wa g2 kwa mara moja. Lakini dereva akaona kitu kitamu zaidi: farasi wake akiruka f7, anapiga malkia na munara pamoja. Nani angekataa?

5. Cxf7 Dxg2 6. Tf1 Dxe4+ 7. Fe2 Cf3 mat.

Myendo saba. Mfalme mweupe amekufa katikati ya watu wake: malkia wake pembeni, munara pembeni, askari wake mbele, na kichaa wa e2 hawezi kutoka kwa sababu malkia mweusi amemukaza mbele ya mfalme. Hakuna hata mumoja anayeweza kumusaidia. Watu walipiga kelele, kijana akachukua franga, vipande vikapangwa upya. Dereva akaondoka bila kusema neno.

Huu mutego ni wa zamani. Unaitwa gambiti ya shilingi ya Blackburne, kwa jina la Joseph Henry Blackburne, mwenye nguvu wa Uingereza wa karne ya 19. Inasemekana alikuwa anautumia kukamatia shilingi za watu wa kupita waliopenda kujaribu bahati naye. Basi ujanja wa kijana wetu si wa kijana wetu. Ni ujanja wa watu wa zamani wa kukula franga ya mutu aliyechoka.

Siku iliyofuata mama mumoja alifika ofisini. Hakukaa hata kwenye kiti. «Bapapa ba sendika,» akasema, «bwana yangu alipoteza franga ya transport ya juma muzima juu ya farasi ya mbao. Ya mbao! Ni nyinye muliweka ile meza.» Hatukuwa na jibu. Tulimuomba radhi, na tuliwaita wote wawili, kijana na dereva, turudishe mchezo ule mwendo kwa mwendo.

Hapo ndipo tuliona mambo. Binti wa mwenzetu mumoja, wa miaka kumi na ine, alikuwa amesimama pale akingoja baba yake. Tulipofika kwenye mwendo wa tatu, 3... Cd4, akauliza: «Lakini ule farasi mweusi, juu ya nini hakumukula?»

Kimya. Ni kweli. 4. Cxd4 exd4, na hakuna mutego tena. Mweupe hajapoteza kitu. Mweusi ametembeza farasi mumoja mara mbili ili abadilishwe tu, na hana kipande kingine nje. Mweupe anafanya roque, anaficha mfalme wake, na kisha anaanza kubomoa katikati polepole. Hata roque ya mara moja, kwenye mwendo wa ine, ilikuwa nzuri. Na hata kama umekwisha kukula e5, mambo hayajaisha: kwenye mwendo wa tano, pahali pa kuruka f7 na farasi, unaingia na kichaa, 5. Fxf7+. Mfalme mweusi analazimika kutembea na hawezi tena kufanya roque. Utapoteza kipande kimoja, ndiyo, lakini unabaki na askari wawili juu yake, unakamata katikati ya ubao, na mfalme wa mwenzako amebaki uchi.

Kwa hiyo ile gambiti si nzuri. Ilishinda, lakini si nzuri. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kijana wetu, tumusifu, alikubali mbele ya wote. Alisema: «Mimi nilikuwa najua mutego tu. Sikujua kama kuko jibu.» Alirudisha nusu ya franga. Nusu ingine ilikuwa imekwisha kulala kwenye chupa.

Sasa wengine watasema: hayo ni makosa ya watu wadogo kama sisi, mabingwa hawakosi. Tusikilize basi habari ya mchezo mumoja wa mabingwa.

Tarehe 21 mwezi wa 6, mwaka 1851, mjini London, watu wawili walikaa kucheza kwa kujifurahisha tu, pembeni ya mashindano makubwa ya kimataifa ya kwanza. Mumoja alikuwa Adolf Anderssen, mwalimu wa hesabu kutoka Breslau, ambaye ndiye alishinda mashindano yale. Mwingine alikuwa Lionel Kieseritzky, aliyekuwa akifundisha mchezo huu Paris. Hakukuwa na kombe mezani. Ulikuwa mchezo wa kirafiki, sawa ile ya chini ya muembe wetu.

Anderssen alianza na gambiti ya mfalme: 1. e4 e5 2. f4, askari wa bure. Kwenye mwendo wa 11 akaacha kichaa wake aliwe. Kwenye mwendo wa 18 akaacha minara yake yote miwili. Kwenye mwendo wa 22 akatoa malkia mwenyewe. Na kwenye mwendo wa 23, na kichaa mumoja na farasi wawili waliobaki, akaua mfalme. Kieseritzky alikuwa amepoteza askari watatu tu! Malkia wake na kichaa wake walikuwa mbali, kwenye kona ya mweupe, wakikula minara, wakati nyumbani mfalme anachomwa. Mpaka leo, dunia yote inaita ule mchezo «usiokufa».

Lakini muangalie vizuri. Watu waliokuja nyuma walikaa na ule mchezo, wakaurudisha mwendo kwa mwendo, na wakakuta kwamba hata mule muna makosa. Kwenye mwendo wa 18, Anderssen alikuwa na myendo bora kuliko ule aliocheza. Na Kieseritzky alikosa jibu: alikula munara na kichaa wake, kumbe alipaswa kukula munara wa kona na malkia kwanza, kisha amurudishe malkia kwenye b2 ili aendelee kulinda ile njia ya mshazari inayofika g7. Hakufanya vile. Mwendo uliofuata, askari mudogo mumoja mweupe alisogea e5, akafunga njia ile kama barrière, na malkia hakuweza tena kurudi nyumbani. Uzuri wote uliofuata unasimama juu ya kosa lile.

Kuko jambo lingine linalotugusa zaidi. Ule mchezo ulijulikana namna gani? Kieseritzky, mwenye kushindwa, ndiye aliuandika na kuutoa kwenye gazeti lake la Paris, «La Régence», mwaka ule ule. Hakuficha. Hakusema alikuwa amechoka ao jua lilikuwa kali. Aliweka mezani jinsi alivyopigwa, ili wengine wajifunze. Kwetu sisi, ule mutu anastahili heshima sawa na yule aliyeshinda.

Ndiyo maana tunasema: kisha kila gambiti, aliyeshinda na aliyeshindwa wakae pamoja, wajibu maulizo matatu. La kwanza: nilitoa nini? La pili: nilipata nini mahali pake, kitu cha kuonyesha na kidole, si «nilijisikia niko na nguvu»? La tatu, na ndilo kubwa: jibu bora la mwenzangu lilikuwa gani, lile ambalo hakulicheza, na kama angelicheza ningekuwa wapi?

Wengi wetu tunajibu la kwanza, tunadanganya kidogo kwenye la pili, na la tatu hatuligusi hata kidogo.

Na sasa, wandugu, tufike kwenye mshahara.

Miaka kadhaa iliyopita tuligoma. Hatutataja carrière wala kampuni, wale waliokuwako wanajua. Tulikuwa na haki, na hilo hatulirudilii. Lakini tujiulize yale maulizo matatu, kwa sababu siku ile hakuna aliyeyauliza. Tulitoa nini? Siku kumi na moja za mshahara, kwa watu wenye kulipa nyumba, minerval ya watoto, na dawa. Mutu mwenye kugoma halipwi, kila mutu anajua. Tulipata nini? Tulifikiri tumesimamisha kazi. Kweli mashine zilisimama. Lakini kwenye cour kulikuwa mali imelundikwa, mifuko juu ya mifuko, tayari kwa kubebwa, na camions ziliendelea kutoka kila siku kuelekea Kasumbalesa, kwa sababu madereva wa camions zile hawakuwa watu wetu na hatukuwa tumeongea nao. Tulishambulia mfalme aliyekuwa amekwisha kufanya roque.

Na jibu bora la mwenzetu lilikuwa gani? Kungoja tu. Alikaa kimya, akauza stock yake, na akatuangalia tukihesabu siku. Siku ya kumi na mbili tulirudi kazini na ahadi ya «commission». Tulihesabu hasira yetu vizuri sana. Hatukuhesabu mifuko ya kwenye cour, na mifuko ile kila mutu wa carrière alikuwa anaiona.

Ubaya zaidi ulikuja nyuma. Badala ya kukaa na kurudisha mchezo, tulianza kutafuta mwenye kutuuza. Fulani alionekana na chef fulani, fulani alipokea simu. Tuligawanyika, na watu wawili waaminifu walitoka kwenye sendika. Hata leo hatuna daftari moja linaloonyesha tulicheza namna gani.

Kisha, mwaka uliofuata, tulitolewa askari wa bure. Prime ya mara moja, kwa kila mutu, na karatasi moja ya kutia sahihi. Karatasi ilikuwa na kurasa sita, na tulikuwa na siku moja. Dereva wetu wa e5, sisi wenyewe ndio tulikuwa! Tuliona e5, tukakula. Kwenye ukurasa wa ine kulikuwa mustari mumoja juu ya bus: tangu sasa itaishia kwenye barabara kubwa, haitaingia tena kwenye cité. Prime tuliikula kwa majuma mawili. Ile barabara tungali tunaitembea na miguu kila usiku, na wake zetu wangali wanatungoja mlangoni mpaka wasikie hatua.

Hatusemi kila kitu unachotolewa ni mutego. Kuko gambiti ambazo jibu lake bora ni kukula, kushika askari, na kujilinda vizuri. Lakini mbele ya kukula, muulize: huyu mutu si mujinga, juu ya nini ameacha kitu hiki bila mulinzi?

Tunajua kuna watakaosema tunachezea maisha ya watu kwa kuyalinganisha na vipande vya mbao. Wana haki kutuonya. Askari wa mbao hana watoto. Ukimutoa, jioni unamurudisha kwenye sanduku pamoja na mfalme. Mwezi wa 12 wa mwaka 1941, hapa kwetu, wakati Lubumbashi ingali inaitwa Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa ajili ya mshahara, na askari wenye bunduki walifyatua risasi kwenye uwanja wa mupira. Léonard Mpoyi alikufa pale na wengine wengi pamoja naye. Hao hawakurudishwa kwenye sanduku. Ndiyo sababu sisi, kuliko mucheza yeyote, tunapaswa kuhesabu mbele ya kutoa. Kwenye ubao, kukosa hesabu ni aibu ya dakika tano. Kwenye kazi, ni mama mumoja na watoto wake.

Basi tunaomba mambo haya.

Kwanza, comité isikataze gambiti. Kijana anayeogopa kutoa askari leo hatajua kutambua askari wa bure akitolewa kesho. Acha wazicheze, tena waje na zingine mpya.

Pili, franga iondoke mezani. Hilo hatutalijadili tena, yule mama alituambia ya kutosha.

Tatu, kila mchezo wa siku ya Mungu uandikwe. Daftari liko, tumelinunua, na kalamu imefungwa na kamba kwa sababu tunajuana. Kisha mchezo, aliyeshindwa aongee kwanza, bila kukatizwa. Aliyeshinda aonyeshe jibu ambalo aliogopa. Na mama na watoto wakaribie, kwa sababu mwenye hachezi mara nyingi ndiye anaona.

Ine, na hii tunaisemea délégués wote, sisi wenyewe wa kwanza: mbele ya mazungumzo yanayokuja, tuchukue daftari la pili. Tuandike mule mgomo ule, siku kwa siku, bila majina ya wasaliti. Tuandike karatasi ile ya kurasa sita, mustari kwa mustari. Tuandike stock inakaa siku ngapi, camions ni za nani, inspecteur du travail anaitwa wakati gani. Na kila kitu tutakachotolewa, kisitiwe sahihi mbele hakijalala usiku mutatu kwenye nyumba zetu na kusomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wote.

Yule dereva alirudi juma lililopita. Kijana alimuchezea tena 3... Cd4, kwa kumujaribu. Dereva alikunywa maji kwanza, akakaa kimya muda mrefu, kisha akakula farasi. Mchezo uliendelea saa nzima na ukaisha sare. Walibaki pale mpaka giza, wawili wao, wakirudisha vipande nyuma na mbele, wakibishana ni wapi mweupe angeweza kushinda. Hatukuwazima taa.